Simama Kidogo Nikuone

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951. La, 1952. Kwenye jalada la ratiba ya mazishi mmesoma 1951 kwa sababu ndivyo kitambulisho chake kinavyosema, lakini karani aliyekiandika alikuwa na haraka zake. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea haya, anakumbuka vizuri kwamba siku ile aliitwa nyumbani kutoka darasa la kwanza aje kuona mtoto, na darasa la kwanza aliingia 1952. Dada mwenyewe hakujali. Alikuwa akisema, "Mwaka mmoja tu huo, kaka, waachie serikali." Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Wa tatu, kitinda mimba, alikuja miaka sita baadaye, na huyo tutamfikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966. Mama alifariki mwaka 1963, dada akiwa na miaka kumi na moja, na kuanzia hapo Kitinda akawa wake. Baba alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo dada alikwenda na mtoto darasani, akamkalisha chini ya dawati na vipande vya chaki. Mwalimu akauliza, "Na huyo ameandikishwa lini?" Dada akasimama wima na kujibu, "Huyu ni begi langu, mwalimu." Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu aligeukia ubao akajifanya anafuta kitu. Kwa miezi mingi mtoto yule aliitwa Begi, na alikuwa akiitika.

Baada ya hapo alisomea ushonaji miaka miwili, akapata cheti, na Januari 1969 akafungua kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu. Alikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Alishona sare za shule, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Sare hata kabla hajawa mama wa mtu. Tepu ya kupimia ilikaa shingoni mwake asubuhi hadi jioni, lakini aliitumia kuwaridhisha wateja tu. Mtoto akiingia mlangoni, yeye alishajua kiuno ni inchi ngapi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi bomba, mtu mtaratibu, asiye na maneno mengi. Fundi huyo alileta suruali ipunguzwe. Wiki iliyofuata akaileta tena, ipunguzwe. Mara ya tatu dada akamwambia, "Baba, hii sasa inakuwa kaptula. Sema unalotaka kusema." Akasema. Walijaliwa watoto watatu, na suruali ile ipo sandukuni hadi leo.

Sasa tumefika kwa Kitinda. Alikuwa na miaka ishirini na sita, msoma mita wa idara ya maji, mrefu, mwenye kovu dogo juu ya jicho la kushoto, mpenda kupiga mbinja. Jumanne tarehe 14 Agosti 1984 alikuwa likizo. Dada alikuwa akimshonea shati la mistari ya kijani, limekamilika, matundu tayari, bado vifungo. Ilipata saa tatu asubuhi. Kitinda akasimama mlangoni.

"Dada, nakwenda kukuletea vifungo. Saba, siyo?"

"Saba. Vyeupe, usiniletee vya rangi ya maziwa."

"Vyeupe na maziwa vina tofauti gani?"

"Nenda, begi wee!"

Akacheka, akatoka. Duka la vifungo lilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano. Hakurudi. Mwenye duka alisema kijana alifika akanunua, mke wake akasema siku ile hakumwona kabisa, na wote wawili wamekufa bila kukubaliana.

Kituo cha polisi afisa wa zamu alitoa fomu. Umri, dada akajibu. Kimo, akajibu kwa inchi na nusu inchi. Alama, akataja kovu. Kisha afisa akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Dada akaitazama kalamu ya afisa. Alipokuwa akizungumza na mdogo wake alikuwa anapitisha pindo chini ya sindano, na hakuinua kichwa.

Afisa akamwambia, wala si kwa ubaya, "Mama, si wewe ndiye fundi?"

Dada akasema, "Hapo paache wazi. Nitakuja kujaza."

Ndani ya nafasi ile iliyoachwa wazi, wana wa familia, ndimo dada yetu alimoishi tangu siku ile. Alizunguka hospitali na vyumba vya maiti, akatoa tangazo redioni, akabandika picha stendi za mabasi. Matangazo ya wengine waliopotelewa na ndugu yalisema shati jekundu, viatu vyeusi. La kwake lilitaja kimo na kovu tu. Mwaka 1987 tuliletewa habari kwamba yuko kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku mbili. Dada na kaka yake wakaenda. Walimkuta kijana mwingine, mrefu, mwenye kovu jicho la kulia. Aliwapa maji ya kunywa, akawakalisha kivulini, akasema, "Poleni sana. Mimi hakuna anayenitafuta." Dada akampima kwa macho, na mwezi uliofuata akamtumia mashati mawili.

Mwaka 1992 afisa mmoja wa serikali alimweleza kwamba miaka imetosha, sheria inaruhusu kuomba mtu aliyepotea ahesabiwe amekufa, sahihi yake tu inatakiwa. Dada akamjibu, "Nilimtuma mimi. Siwezi kumfungia mlango kwa kalamu." Akachukua mkoba wake akarudi kazini.

Hapo ndipo ilipotoka tabia mnayoijua wote. Hakuna aliyetoka kwa Mama Sare bila kuambiwa, "Simama kidogo nikuone." Unasimama, unageuka, anakutazama toka juu mpaka chini, anatamka: "Blauzi ya bluu, sketi nyeusi, kandambili. Haya, nenda salama." Wajukuu waliigeuza mchezo, wakawa wanazunguka mlangoni kama pia. Wateja wengine walimcheka. Mwaka 1997 jirani yetu, mzee aliyekuwa amestaafu na akili imeanza kumtoroka, aliondoka kwake hakuonekana. Dada alisema pale pale: "Kanzu nyeupe yenye kiraka kwapani, sweta ya kijivu, soksi zisizofanana." Kabla jua halijazama alikuwa amepatikana upande wa pili wa mji, amekaa kituo cha basi, na aliyemtambua alizitambua soksi. Kucheka kuliishia hapo.

Mwaka 2016 presha ya macho ilimshika, na kufikia 2021 alikuwa haoni kabisa. Hakuacha. Alikupapasa kola, mkono na pindo, akauliza rangi, akatamka. Mwaka jana figo zikachoka. Tarehe 2 Machi 2024, Jumamosi, kaka yake alikuwa kando ya kitanda, akamwambia jambo alilolificha karibu miaka arobaini: kwamba asubuhi ile yeye alikuwa uani akiziba tairi la baiskeli, Kitinda akapita nyuma yake akipiga mbinja, akamsalimu, na yeye aliitikia macho yakiwa kwenye tairi.

Dada akasema, "Najua, kaka. Nilisikia akikusalimu. Nilingoja useme mwenyewe."

Kaka alipoinuka kwenda kuvuta pumzi nje, dada akanyoosha mkono akampapasa. "Simama kidogo nikuone. Koti lile la kahawia. Kifungo cha tatu kimelegea." Saa kumi jioni akakata roho. Koti ndilo hili, na kifungo hakijashonwa.

Mchapaji wa ratiba alipiga simu kuuliza, "Mzee, huyu mdogo wake nimweke wapi, kwa waliotangulia au kwa waliobaki?" Akaambiwa amweke kwa waliobaki. Kama tumekosea, tutaomba radhi siku tutakapojua.

Dada yetu ametanguliwa na wazazi wake, na mumewe aliyefariki mwaka 2009. Ameacha binti wawili, mmoja muuguzi na mmoja mwalimu, mwana mmoja, fundi bomba kama baba yake, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, na mdogo wake wa mwisho, ambaye shati lake la mistari ya kijani linaning'inia chumba cha mbele, matundu saba tayari.

Fundi wetu, pumzika kwa amani. Sasa macho nayo yapumzike.

Na nyinyi mliokuja, hasa wenye umri mliokuwa mtaani wakati ule, kaka yake anawauliza alilouliza nyumba kwa nyumba miaka yote hii, kwa sababu ile fomu bado ipo kituoni na mstari mmoja uko wazi: asubuhi ile ya Jumanne, mtoto wetu alipotoka kwenda kununua vifungo, alikuwa amevaa nini?