Fundi Besi: Maisha ya Shangazi Yetu kati ya Mbao na Nyuzi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanamuziki mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini: familia imeniomba mimi, mtoto wa mdogo wake, nimsimulie shangazi yetu mbele yenu. Wengi mlimfahamu kama Fundi Besi. Jina hilo alipewa na wateja, naye alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho, kwa hiyo nitalitumia hilo hilo.

Fundi Besi alizaliwa tarehe 9 Februari 1954, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa seremala na mshonaji. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa cha misumeno na mbao. Babu alikuwa akisimulia kwamba binti huyu alipokuwa mchanga hakubembelezeka kwa kubebwa. Alinyamaza akiwekwa karibu na benchi, asikie randa ikipita. Kabla hajaanza shule alikuwa tayari anagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kumwambia baba yake ipi imekauka na ipi bado.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya wasichana hadi 1971. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Somo lililomshika ni fizikia, na hasa umeme. Aliwahi kupewa adhabu ya kufagia uwanja kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa. Aliirudisha ikiwa inashika stesheni ambazo haikuwahi kushika, lakini uwanja aliufagia vilevile, na hakulalamika. Baada ya sekondari alisomea upigaji chapa, na mwaka 1973 akaajiriwa katika ofisi ya mizigo ya reli.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi hiyo, palikuwa na ukumbi ambao bendi zilifanyia mazoezi mchana. Wenzake walifunga madirisha ili wafanye kazi. Yeye aliomba meza ya dirishani. Alituambia kwamba katika kelele zote zile kilichomfikia kifuani ni besi, gitaa lile la nyuzi nne nene ambalo wacheza dansi hulifuata kwa miguu bila kujua wanalifuata. Mwaka 1976 besi ya bendi moja ilianguka kutoka kwenye gari la vyombo, shingo ikapasuka. Wenyewe walitaka kuitupa. Fundi Besi alivuka barabara na viatu vyake vya ofisini, akainunua kwa bei ya kuni, akaipeleka kwa baba yake.

Babu aliigeuza mara mbili tatu, akasema hiki ni kiti tu kilichofungwa nyuzi. Wakaitia gundi, wakaibana kwa vibano vya kabati, wakaiacha ikauke wiki nzima. Nyaya za ndani alifundishwa na fundi redio wa barazani kwa jirani. Besi ile iliuzwa kwa bendi nyingine, na faida yake ikanunua mbovu mbili. Mwaka 1979 aliacha kazi ya ofisi. Bibi hakulala vizuri kwa muda, akiuliza kila mgeni ni mwanamume gani ataoa mwanamke mwenye gundi kwenye kucha.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na mlifika wengi mkakijua: benchi lililotengenezwa kwa mlango wa zamani, magitaa yaliyoning'inia kwa shingo kama suti kwa dobi, harufu ya vanishi na risasi ya kulehemu. Mlangoni aliandika kwa mkono wake: Tunanunua, tunauza, tunatengeneza, tunabadilisha. Pikapu zipo. Alichomaanisha hapo ni pikapu ya gitaa, ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo. Mara kwa mara alifika mtu anayetaka gari la kubebea saruji. Fundi Besi alimkaribisha ndani, akamwonyesha pikapu, na kumwuliza kama anataka ya mbele au ya nyuma.

Katika kununua hakuwa mtu wa kudanganywa. Kabla ya kuuliza bei alimwambia muuzaji apige kidogo. Siku moja alikuja kijana mmoja aliyevaa vizuri, akasema besi ni yake tangu zamani. Alipopewa aipige, aliishika kama anashika jembe. Fundi Besi alimwagizia chai, akamwuliza habari za nyumbani, akamwuliza habari za wazazi, na wakati huo binti wa duka la dawa, aliyetumwa chinichini, alikuwa ameshafika kwa kwaya iliyokuwa imeibiwa besi hiyo. Chai ilikuwa bado ya moto wanakwaya walipoingia. Katika kuuza alikuwa mgumu zaidi. Alimwuliza mnunuzi ataipigia wapi, na nani, mara ngapi. Aliyesema anataka kuitundika sebuleni alielekezwa kwenye duka la picha.

Katika jambo moja alikuwa na msimamo mkali, na mtanisamehe nikisema pia na mdomo. Gitaa la zamani ambalo halijawahi kuguswa, lenye rangi yake na skrubu zake, hakuruhusu libadilishwe. Wateja walioleta gitaa la namna hiyo wakitaka matundu mapya walirudishwa nyumbani wakatafakari. Maneno yake yalikuwa hayo hayo kila mara: "Likishakatwa halirudi."

Mumewe, ambaye amekaa hapa mbele, alikuwa mpiga besi wa bendi ya ukumbi ule. Watu walimwita Kimya, na alistahili. Mwaka 1982 alileta besi yake ya zamani, akisema uzi mmoja unakwaruza. Fundi Besi alikaza skrubu moja, akakataa malipo. Wiki iliyofuata akarudi, uzi unakwaruza tena. Na iliyofuata. Safari ya nne Fundi Besi aliweka bisibisi mezani, akamwambia skrubu hii haijilegezi yenyewe. Kimya akajibu, "Ndiyo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya posa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, na wakajaliwa mabinti wawili.

Besi ile ya Kimya ilikuwa bora kuliko zote zilizowahi kupita katika karakana. Ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, na mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya kale alikuwa akija karibu kila mwaka kuiulizia. Kila mwaka alipewa chai, akaondoka.

Mwezi Juni 2009 Kimya alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea, na mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi shingoni, ukabaki umekaa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alirudi nyumbani kutoka hospitali, akakaa karibu na kabati ambamo besi ilihifadhiwa, na hakuomba ifunguliwe. Maneno yake, ambayo tangu awali yalikuwa machache, yakawa machache zaidi.

Familia ilikaa kikao sebuleni. Shemeji za Fundi Besi, kwa nia njema kabisa, walishauri besi iuzwe kwa yule mfanyabiashara: matibabu ni mzigo, na mwenyewe hataipiga tena. Fundi Besi aliwasikiliza wote hadi mwisho. Kisha akavuta kigoda, akakaa usawa wa macho ya mumewe, akamwuliza, "Unataka iuzwe, au unataka kupiga?"

Aliyatafuta maneno kwa ulimi mzito. Hakuna aliyemsaidia. "Nipige," akasema Kimya.

Hakuna aliyejua vizuri kuliko Fundi Besi thamani ya gitaa lile, wala kwamba msumeno ukilipitia, thamani hiyo inakwisha papo hapo. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akimsaidia siku ya kulikata, anakumbuka kwamba alichora mistari kwa penseli, akachukua msumeno, akaurudisha chini, akatoka nje akalia kando ya tangi la maji. Halafu akarudi, akakata. Alikata pembe ya chini na kuihamishia juu. Alichimba mgongo ili mwili uwe mwepesi, akaweka shingo fupi, akageuza nyuzi juu chini. Kwa mpango huo mkono wa kulia, ulio mzima, ungebana nyuzi, na mkono wa kushoto ungepumzika juu ya mbao na kupiga kwa kidole gumba tu, kidole pekee kilichokuwa kimeanza kutii.

Kimya alipopakatishwa gitaa hilo aliliangalia, akasema hili si lake. Alikasirika. Kwa wiki kadhaa hawakuelewana ndani ya nyumba ile. Shangazi aliliacha gitaa kwenye kiti karibu na mumewe, nyuzi zikiwa zimesawazishwa, naye akaenda kazini. Jioni moja alirudi, akasimama mlangoni na mifuko ya sokoni mkononi. Ndani kulikuwa na noti moja, inarudiwa, inakosewa, inarudiwa. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi mpaka majirani wakamwuliza kama amepoteza ufunguo.

Kimya alijifunza upya kama mtoto wa shule, na Agosti 2011, kwenye harusi ya binti yao mkubwa, alipiga nyimbo tatu akiwa ameketi. Yule mfanyabiashara alikuwepo. Baada ya wimbo wa tatu alimwendea Fundi Besi, akakiri kwamba kwa miaka miwili alikuwa na hasira naye, na kwamba sasa imeisha.

Habari zilienea. Kuanzia hapo walianza kuja watu ambao hakuwatarajia: mshona viatu aliyepoteza vidole viwili, mwalimu mwenye baridi yabisi, dada mmoja mwenye mikono mifupi aliyeambiwa kila duka kwamba besi si chombo chake. Fundi Besi aliwapima kama fundi nguo anavyopima suti, akawatengenezea magitaa yanayowafuata wao. Aliwafundisha kazi hiyo binti zake wote wawili, na ndio wanaoiendeleza.

Mwaka 2020 alianza kukohoa. Madaktari walisema mapafu yamechoka kwa vumbi la mbao la miaka mingi, kwani barakoa aliiona ni kitu cha wagonjwa. Alikubali kosa hilo kwa namna yake: siku iliyofuata kila aliyeingia karakanani alivalishwa barakoa, hata aliyekuja kuuliza njia. Aliendelea kufanya kazi akiwa ameketi, kisha kwa kuelekeza tu, akisikiliza kwa simu gitaa likijaribiwa na kusema uzi wa tatu bado uko juu. Alilazwa mwezi Machi 2024. Mumewe alikuwa naye kila siku, wakiwa wameshikana mikono, wakizungumza kidogo, kama walivyozoea. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka sabini, mumewe na mabinti wake wakiwa pembeni ya kitanda.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja ambaye ni baba yangu, na sisi watoto wa ndugu zake, ambao kila mmoja wetu alikalishwa kwenye benchi lile akafundishwa kulehemu, apende asipende.

Aliagiza kwamba karakana isifungwe zaidi ya siku ya maziko. Kuna kijana wa kwaya aliyeahidiwa besi yake kabla ya ibada ya Jumapili, na shangazi hakuwahi kumrudisha mteja mikono mitupu siku aliyomwahidi. Kwa hiyo kesho asubuhi mlango utakuwa wazi, na mnakaribishwa.

Shangazi, pumzika sasa. Mungu akupe amani yake.