Vitambaa Saba vya Mama Justa

MACHIBYA: Haloo? Nani huyo? Namba siijui.

JUSTA: Baba, ni mimi Justa. Nimeazima simu ya jirani hapa Kirumba, yangu imezima. Shikamoo.

MACHIBYA: Marahaba, mwanangu. Saladi zimefika?

JUSTA: Zimefika. Ila... mpishi wa hoteli amezirudisha. Beseni zima.

MACHIBYA: Zimenyauka?

JUSTA: Wala. Ametafuna jani moja tu, akaniambia, "Dada, hii siyo saladi ya mama yako. Hii ni maji."

(Mtandao unakwaruza.)

JUSTA: Baba? Umeanza kutia mbolea za dukani?

MACHIBYA: Mimi? Thubutu! Samadi ni ileile ya ng'ombe wa jirani Maige, maji ni yaleyale ya ziwa. Hao wakubwa ndio tatizo! Bwana shamba kaniletea mbegu za pakiti, ati zimethibitishwa. Kazithibitisha nani, na kwa mdomo upi? Mwenyewe majani hali!

JUSTA: Pakiti za nini tena? Si mama aliacha miche ya mbegu? Ile aliyokuwa anaionja asubuhi, iliyo tamu anaifunga kitambaa cha kanga—

MACHIBYA: Chekundu.

JUSTA: —ili mtu asiichume. Iko wapi?

MACHIBYA: Kamuulize mwenyekiti wa mtaa!

JUSTA: Baba—

MACHIBYA: Si ndiye aliyetaka turubai la msiba likae bustanini, eti wakubwa wapate kivuli? Wakubwa gani? Kaja mtendaji mmoja, kala wali, kaondoka!

JUSTA: Kwa hiyo wameing'oa.

MACHIBYA: Ilisharefuka, imetoa maua. Wakaona magugu.

JUSTA: Na vitambaa je? Navyo hawakuviona?

MACHIBYA: Waliniuliza.

JUSTA: Nini? Sikusikii—

MACHIBYA: Nasema waliniuliza! Yule kijana Pius, wa kufunga turubai, kaja na fyekeo, "Mzee, na hapa tufyeke?" Mama yako yuko ndani, hata hajaoshwa. Nikasema fyekeni. Fyekeni yote.

JUSTA: Jamani, baba...

MACHIBYA: Angeweka turubai barabarani, angekufa huyo mwenyekiti?

JUSTA: Baba. Umekula leo?

MACHIBYA: Nakula majani. Vile vitambaa niliviokota kwenye uchafu, nikavifua. Kila asubuhi natembea navyo mfukoni, tuta hadi tuta, naonja kama yeye alivyokuwa anaonja. Nikiupata ule ukali wake kidogo, na utamu wake unaokuja nyuma, nifunge.

JUSTA: Mwenye simu anaidai, baba, na salio linaisha. Jumamosi nakuja, tutaonja wote. Umeshafunga vingapi?

MACHIBYA: Vilikuwa saba.

JUSTA: Ndiyo, umefunga ving—

MACHIBYA: Haloo? Justa? ... Vyote ninavyo mfukoni, mama. Haloo? Vyote saba.