Ndoa ya Zagabe Imewekwa Pause

Wabishi wengine wa Bukavu hubishana wamesimama, ndiyo maana huitwa parlement debout, bunge la kusimama. Hawa wetu hukaa. Kwa hiyo ule ubao mrefu juu ya matofali, kwenye kona ya Ibanda pale mteremko unapoanza kwenda ziwani, unaitwa Sénat. Kahawa ni ya Maman Bibiane, na birika lake halishuki juu ya mbabula, lile jiko la makaa, mpaka kahawa iishe. Kwa muda mrefu sasa Bibiane amekuwa akijipepea kwa kifuniko cha katoni, hata asubuhi ambazo wanaume wanakunywa wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti. Waheshimiwa wamekwisha kumwambia mara kumi asogee mbali na moto. Jumamosi hiyo Zagabe alifika wa kwanza, bahasha mfukoni, uso umemshuka. Zagabe ndiye anayeandika ndoa kwenye kitabu cha komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Amewauliza mabibi harusi wengi mno kama wanakubali, na sasa aliogopa kwamba wa kwake amebadili jibu.

— Bandugu, alisema, bibi yangu ameweka ménage mu pause, ndoa imesimama.

Cirhuza, motard mzee wa pikipiki wanayemwita Commissaire kwa sababu kila jambo kwake ni kesi, aliweka kikombe chini.

— Pause gani?

— Ménage-pause. Nilisikia na masikio yangu. Mvua inapiga ku manjanja ya paa, Monique iko ku téléphone na yaya yake, dada yake mukubwa, anamuambia: «Ni ménage-pause, yaya. Docteur amehakikisha.»

— Docteur! Kuko docteur mu hiyo affaire! Kesi imeisha.

— Ngoja kwanza, alisema Grégoire. Huyu alilinda geti la kituo cha utafiti kule Lwiro miaka kumi na moja, akarudi mjini na jina la Professeur. Tupatie dalili.

— Tangu mwezi ya tatu anatupa blanketi chini. Anafungua dirisha, baridi ya ziwa inaingia, miye meno inagongana, yeye jasho inamwagika. Juzi niliomba chumvi ku meza, akalia. Chumvi tu!

— Dirisha ni signal, alisema Commissaire. Docteur anapitaka kule.

— Dirisha yetu inaangalia ukuta ya couvent ya masoeur, nyumba ya watawa.

— Voilà. Anaruka ukuta.

Professeur alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesahihisha mtihani wa mtoto.

— Docteur hakuna. Ni gaz. Chini ya ziwa kuko gaz, hata mutoto ya primaire anajua. Inapanda na mulima, inaingia mu nyumba, inatafuta mutu iko na mwili. Wewe Zagabe uko mwembamba, inakupita. Monique inamuingia, inawaka.

— Na kulia juu ya chumvi?

— Chumvi na gaz? Chimie ile.

— Basi tumufunge tuyau ya gaz, alisema Commissaire, quartier mzima ipike maharagi.

Professeur alilifikiria hilo kwa makini kabisa.

Zagabe hakucheka. Alitoa bahasha ya komini, ngumu, yenye muhuri.

— Vingt-six ans, bandugu, miaka makumi mbili na sita ya ndoa. Mu kitabu yangu kuko mariage, kuko divorce, kuko décès, ya wenye kufa. Pause haina colonne, haina nafasi ya kuandika! Hii barua inaenda Kavumu leo, kwa bakwe yangu. Bakuje, conseil de famille ikae, baraza ya jamaa. Kama Monique anataka kuenda, aseme mbele yao.

Aliinyoosha bahasha juu ya goti. Alimpenda mke wake, kila mtu kwenye ubao alilijua hilo.

Wakati huo ndipo alipofika dada mmoja mwenye mwavuli, Carine, mkunga aliyekuwa anatoka kazini. Aliomba kahawa.

— Imeisha, mutoto yangu, alisema Bibiane. Hata makala ya mbabula nilizima zamani.

Lakini Carine alikuwa amesikia kesi yote tangu akipanda mteremko.

— Papa, pardon. Ni ménage-pause, ao ni ménopause?

— Kuko tofauti?

— Ya ménage sijui. Ménopause ni wakati damu ya mwezi ya mwanamuke inaisha kabisa.

Waheshimiwa watatu walitazama viatu vyao.

— Maman ya kwako nyumbani iko na miaka ngapi?

— Cinquante et un, makumi tano na moja.

— Ni yenyewe. Moto inapanda ghafula mu kifua na ku uso, jasho inatoka, usingizi inakatika, machozi inakuwa karibu. Haiko bwana mwingine. Haiko gaz.

— Hata kidogo? aliuliza Professeur.

— Hata kidogo, papa.

— Na dawa? Zagabe aliuliza haraka.

— Iko. Docteur anaweza kumupatia homoni, kama mwili yake inaruhusu. Kama hairuhusu, kuko dawa ingine. Nguo nyepesi, kahawa kidogo, pilipili kidogo. Na bwana asimupigie kelele.

Zagabe alifurahi mpaka akataka kumkumbatia. Kisha aibu ikamshika. Mkewe alikwenda kupimwa, akarudi, akapika, na yeye hata siku yenyewe hakuijua.

— Lakini hapa kwetu, alisema Commissaire akijaribu kuokoa heshima ya Sénat, kitu ya vile hatujaionaka. Siye tunachunga kila kitu mu hii kona.

Carine alimtazama Bibiane aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shingo imelowa, katoni imempasukia mkononi.

— Makala imezimika, alisema. Munyi bote muko na makoti. Sasa jasho ya huyu maman inatoka wapi?

Professeur alifungua kinywa, akatazama upande wa ziwa, akakifunga. Commissaire alichungulia kikombe kitupu.

— Miaka mbili, alisema Bibiane bila kuinua kichwa. Munaniambia tu nisogee.

Zagabe alisimama. Alimpa bahasha yake, barua ikiwa bado ndani, na Bibiane akaijaribu usoni mara moja, mara mbili. Ilipepea vizuri kuliko katoni.

— Ilikuwa ya Kavumu, Zagabe alisema.

— Kavumu itangoja. Enda nyumbani, papa. Dirisha uiache wazi, wewe ndiyo uvae koti.