Nilivyokaa Katikati ya Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Kaeni tu, sitawachosha. Nimesikia huko nje inasemwa nilimezwa na samaki nikatapikwa. Hapana. Samaki hawakuhusika.

Mnanijua, mimi ni mwongoza watalii, kazi yangu ni kushuka kreta na kupanda. Wageni wetu wakitoka Ngorongoro wengi huenda Zanzibar, ndipo bosi akanituma nikajifunze kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, niwe nawasindikiza. Baba yangu, yule pale benchi la tatu, alikataa. Lakini mimi niliwahi kuogelea kwenye bwawa la shamba la kahawa kule Oldeani, nikajiona nimehitimu. Kiburi, ndugu zangu!

Siku ya nne mwalimu wetu, dada wa kisiwani, alituonya tusimwache. Tukazama. Nikaona kasa. Nimezoea kufuata faru kwa macho hadi apotee, basi nikamfuata kasa, mateke yangu yakatimua mchanga wote. Nilipogeuka simwoni mwalimu, wala mkono wangu mwenyewe siuoni. Nikapiga mbio kwenda juu. Masikio yakaanza kuuma, na kadiri nilivyopanda yakazidi kuuma. Nilimwita Bwana huku nikifyonza hewa kama ndama aliyecheleweshwa kunyonya. Niliogopa sana. Niliwaza wanangu wataambiwa na nani.

Hapo nikamkumbuka Baba. Nikiwa mdogo ukungu ulitukuta msituni tukitafuta ng'ombe, nikataka kukimbia. Baba alinikalisha chini, akamimina maji kidogo ya kwenye kibuyu, akatazama yanatiririkia wapi. Nyumbani kwetu ni mteremko, akasema, na tukayafuata.

Baharini huna maji ya kumimina. Nilikuwa na pumzi tu. Nikakunja magoti, nikakaa hivyo hivyo katikati ya maji, nikatoa pumzi polepole. Mapovu yakapita kifuani, yakapita magotini, yakaelekea kwenye nyayo. Ndugu zangu, nilikuwa kichwa chini, miguu juu! Muda wote ule nikidhani napanda, kumbe nateremka, ndiyo maana masikio yalizidi kuuma. Nikajigeuza, nikayafuata mapovu taratibu tulivyofundishwa, bila kubana pumzi, mpaka maji yakang'aa na mkono wa mwalimu ukaushika mtungi wangu. Juu ya boti alinigombeza, na nilistahili.

Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Bwana aliniokoa kwa kunikalisha, na somo lenyewe alishampa Baba miaka mingi kabla. Namshukuru, na bado nashangaa.

Jioni ile nilimpigia Baba simu. Nilimweleza yote, akauliza kitu kimoja.

"Ulikaa kwanza?"

"Nilikaa, Baba."

"Haya. Rudi nyumbani."

Nimerudi, kama mnavyoniona. Na wewe uliyekuja hapa leo hujui juu ni wapi, usikimbie. Mwamini Bwana, ukae kwanza.