Papa Harelimana Vénuste, Muntu wa Miti ya Miiba (1951–2019)

Banasema niandike mimi kwa sababu mimi njo mkubwa wa familia. Siku ya kugawa shamba hakuna aliyekumbuka ukubwa wangu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu, na macho imechoka. Lakini nikiacha baandike bale vijana ba telefone, batasema tu alipenda Mungu na bantu, sawa na kila maiti. Kwa hiyo naandika, mimi Mukarugwiza, dada yake. Na nina neno juu ya mti banaotaka kupanda leo kwenye kaburi lake. Nitalifikia.

Marehemu Harelimana Vénuste alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, hapa Gashonga, kwa baba yetu Ndagijimana na mama yetu Mukamana. Alichelewa kutembea, lakini alipoanza hakukaa tena.

Alisoma shule ya msingi hapa kwa bapadri. Mwaka wa 1967 aliingia shule ya misitu, akatoka 1971 na diploma ya agronomu. Likizo ya kwanza alirudi na mzigo wa matawi ya miiba. Mama akamuuliza: "Tulikutuma shule, unatuletea kuni?" Yeye akayapanga juu ya mkeka. "Dada, gusa." Nikamwambia miiba ni miiba, mimi nikichomwa sitafuti jina. Akanishika kidole. Huu umunyinya: miiba miwili miwili, myeupe, imenyooka kama sindano, na maua yake ni ya duara kama vidonge. Huu mwingine: miiba mifupi, imejikunja kama kucha za paka, na maua marefu kama mkia. "Yote banaita akasia," alisema, "lakini haikuzaliwa na mama mmoja."

Tangu 1972 mpaka pensheni mwaka wa 2006 alifanya kazi ya misitu. Alishuka Bugarama kwa baiskeli, akakusanya matawi, maua na maganda ya kila akasia, miti mirefu na vichaka, akayakausha ndani ya magazeti na kuyatuma kwa bataalamu. Bachungaji bakamuita Papa Miiba. "Papa Miiba, leo umechomwa na nani?" Anabajibu: "Na yule wa kucha."

Tarehe 14 Agosti 1976 alimuoa Nzigire wa Bukavu. Siku ya kupeleka mahari, mbuzi wa mahari aliingiza kichwa ndani ya mfuko wa Vénuste na kula maganda yote ya umunyinya aliyotoka kukusanya. Kule ukweni, Vénuste akapiga magoti: "Papa, nakuomba, mavi ya huyu mbuzi muniwekee." Mzee Mukengere, baba mukwe, akageukia ndugu zake: "Muntu ametoa mbuzi, sasa anataka arudishiwe mavi!" Kumbe mbegu ya umunyinya ni ngumu, ikipita tumboni mwa mbuzi inaota upesi. Bantu bakacheka mpaka pombe ikamwagika. Nzigire hakucheka. Kesho yake aliyaokota yeye mwenyewe, akayafunga ndani ya jani la mgomba. Njo vile nilijua nimepata wifi.

Kiisha ikaja akasia ya Australia, isiyo na miiba, ya makaa na mbao. Yeye mwenyewe aliigawa kwa bantu, hakuichukia. Lakini alipokuwa tayari kwa pensheni, siku moja alirudi kutoka Kamembe na habari mbaya. Bataalamu ba dunia balikuwa bameamua: jina la akasia linabaki kwa ile ya Australia. Za kwetu zinapewa majina mengine, za miiba iliyonyooka lao, za kucha lao. Nilikasirika kumpita. "Mgeni amekula jina la mwenye nyumba!" Akanijibu: "Dada, kuzitenganisha ni haki. Linaniuma jina tu." Akaomba chai.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka wa 2014, na 2018 bakamkata mguu. Hakulalamika, isipokuwa kwamba Bugarama imekuwa mbali. Jumanne ya wiki yake ya mwisho alituita sote: "Juu yangu mupande umunyinya. Ile ya Australia ni mgeni mzuri, lakini inazaa batoto mpaka kwa shamba la jirani. Sitaki kugombanisha bantu nikiwa chini." Alituacha Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2019, nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa Nzigire.

Sasa lile neno. Jana Muhigirwa, mtoto wake wa kwanza, alileta mche kutoka Kamembe. Nikapitisha kiganja: laini kama shavu. "Mwanangu, miiba iko wapi?" "Shangazi, kule kwa miche bamesema ni akasia." Hawakudanganya. Jina ni lake siku hizi. Lakini, Muhigirwa, baba yako hakuomba jina.

Ameacha mke wake Nzigire, batoto Muhigirwa, Uwera na Béatrice, bajukuu saba, na mimi. Mungu amulaze pahali pa utulivu.

Na wewe unayeshika karatasi hii: ule mche wa Kamembe hauingii kwenye udongo wa ndugu yangu, nimeukalia. Kama unatoka Bugarama, umekula chakula chetu, basi rudi na umunyinya kabla ya siku ya kuondoa matanga. Uushike shina kwanza. Kama haukutoi damu, uuache hapo hapo.