Ndege Iliyobaki Mkononi mwa Muzee Modeste

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanja chetu cha ndege, waheshimiwa wakuu wa zamu, Mama Mukamugema mke wa muzee wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mwenyewe Muzee Modeste unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja ya kuongoza ndege: nawaamkia wote, kila mtu kwa heshima yake.

Jana ndugu Paul wa utawala alinipa hotuba iliyokwisha kupigwa chapa. "Soma tu hii, mama Athanasie. Usiongeze kitu." Nikamuuliza kwa nini mimi, na wako wanaojua kusema kunishinda. Akacheka: "Si ni wewe muzee anakupenda?" Ndugu wageni, kazi ya mnarani imenizoeza kutoamini nisichokiona, na kicheko hicho sikukiamini. Zilikuwa kurasa mbili za sifa, na mwishoni, kwa kinywa changu, nitamke kwamba katika zamu za muzee halijatokea kamwe jambo la kuandikiwa ripoti.

Nimeziacha mezani. Nitawasomea daftari langu.

"Alhamisi, 9 Mei 2024. Asubuhi manyunyu, mawingu yameshuka hadi vilima vya Kibumba. Nimerudi kazini baada ya matanga ya mama. Saa nne asubuhi nimepokea zamu kwa Muzee Modeste. Ameufunika mkono wangu kwa mikono yake miwili: 'Pole, mutoto wangu. Mama yako alikuwa mutu wa watu.' Nimelia. Amenitajia ndege moja, ya kutoka Bukavu, akashuka ngazi. Nimeiambia iteremke hadi futi elfu tisa juu ya ziwa. Rubani ameita: 'Mnara, iko ndege mbele yangu! Ni ya nani?' Nimemwambia apinde kulia, sasa hivi. Zimepishana. Muzee amepanda ngazi mbio, anahema: 'Mama Athanasie, hii ilibakia kwangu!' Ni karatasi ya kukabidhiana ndege ya pili, ya kutoka Beni, aliyoiambia izunguke juu ya ziwa kwenye futi zilezile elfu tisa. Ilikuwa kiganjani mwake aliponipa pole. Naenda kulala sasa, saa nane na dakika kumi usiku."

Kosa ni la nani hapo? La pole yake, au la machozi yangu? Nilipaswa kumuuliza, "Na nyingine?" Lakini kwetu nani humkatiza mkubwa anayemfariji? Kwa hiyo niliandika ripoti, nikaomba kanuni moja: ndege zote zitajwe na kurudiwa kwa sauti kwanza, ndipo tushikane mikono. Ripoti inataka saini mbili, ya aliyekabidhi na ya aliyepokea. Yangu ipo. Ya muzee, kila nikiifuata ofisini, naambiwa kesho. Nashuku kwamba kesho hiyo si yake. Ni ya walioniandikia hotuba. Saa kumi na mbili jioni hii atarudisha kitambulisho, saini yake haitakuwa na nguvu tena, na kanuni itakufa dawatini, mpaka siku ndege mbili zisipopishana.

Muzee, ni wewe uliyenifundisha kumuuliza rubani mara ya pili hata akichukia. "Achukie akiwa hai," ulikuwa ukisema. Basi nakuuliza mara ya pili, mbele ya mke wako na wakubwa wetu: utaisaini? Ninayo hapa.

Naona unatafuta kalamu. Ndugu Paul, tafadhali, kaa. Hapana, muzee, usisaini kwa kunihurumia. Isome kwanza, kwa sauti, neno kwa neno. Ukiruka hata moja nitakusimamisha.

Waheshimiwa, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa msikilizeni yeye.