Jina Nitakalozikwa Nalo

Sogeeni karibu, Rhoda na wewe Godson, mzime hiyo televisheni mnisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kuimaliza nikishindana na mpira. Daktari wa hospitali ya Westmead alinirudisha hapa nyumbani Penrith kwa upole, akanishika bega, na mtu mzima akishikwa bega namna ile haulizi tena. Siogopi. Nina mengi ya kushukuru, na nataka myasikie kwangu mwenyewe kabla wengine hawajayasimulia wanavyotaka wao.

Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Rhoda, na Godson achukue vifaa vyangu vyote vya gereji. Hayo yameisha.

Mama yenu Coletha ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Nilimwambia jikoni kwamba mimi si mwanamume, kwamba tangu utotoni nilijua hivyo, na kwamba jina ninalojiita moyoni ni Ikupa, jina la bibi aliyenilea Tukuyu. Aliyaepua maharage yaliyoanza kushika chini, kisha akasema, "Miaka yote hii nimejua kuna mtu amesimama nyuma ya mlango. Basi aingie, tumwone." Tangu siku ile hadi alipofariki aliniita Ikupa ndani ya nyumba hii, na tulipomzika nikaona siwezi tena kuwa Ikupa nyumbani halafu Henry kazini, kwa kuwa aliyekuwa akinipokea jioni hayupo.

Mnakijua kile kiwanda cha Smithfield tulikokuwa tukifua mashuka ya hospitali. Nilikuwa msimamizi wa mashine za kupiga pasi, na nikisema, jambo linafanyika. Jumatatu moja nikaomba nafasi kwenye kikao cha asubuhi, nikawaambia, "Mimi ni mwanamke. Jina langu ni Ikupa. Kazi yangu ni ile ile, na mashine ya tatu bado inavuja." Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Mashine zikawashwa, tukaanza kazi, nikadhani yamepita.

Hayakupita. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mwoga, alinipangia choo cha wageni ng'ambo ya uwanja, nikawa navuka na mwavuli mvua ikinyesha. Vijana niliowafundisha mimi kazi wakaanza kunieleza namna ya kubonyeza swichi, na maboksi niliyoyabeba miaka na miaka wakaninyang'anya mikononi eti ni mazito kwangu, nami sikujua nicheke au nilie. Nikisema mkanda unalegea, hakuna anayegeuka. Térence akilisema lile lile, watu wanakimbia. Térence huyu Mrundi, mwendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, ndiye aliyekuwa akinichukua kwa gari lake kila alfajiri, tukinywa chai ya chupa moja barabarani. Baada ya Jumatatu ile hakunitukana. Aliacha tu kupita. Nikarudia treni, na kwa kweli hilo liliniuma kuliko choo.

Sasa sikilizeni habari za Katungu. Mwanamke yule wa Goma, mfanyakazi mwenzetu kiwandani, tulikuwa hatujazoeana. Saa ya chakula nilikuwa nimesimama na bakuli langu, meza ya wanaume imejaa mabega, akaniita mbele ya wote, "Dada, kuya huku. Unabaki unasimama juu ya nini? Chakula itapoa." Nikaketi. Wiki iliyofuata akawachukua wanawake wenzake wakaenda kwa meneja, wengine wakiwa wametoka kwenye maombi ya kufunga, akamwambia, "Huyu ni wetu. Atatumia choo yetu, na mvua haitamunyeshea tena." Ikawa hivyo. Nilikuja kumuuliza kama kanisani kwao hawamsemi. Akasema, "Wanasema. Mi nilikimbia vita na watoto mgongoni, maneno ya watu hainishindi."

Na Térence naye msimchukie, Godson, najua unamchukia. Kikao kimoja meneja alimsifu kwa wazo la kupanga upya mikokoteni. Térence akasimama, kofia mkononi, akasema, "Wazo si langu. Ikupa alilisema hapa hapa wiki iliyopita, na ninyi wote mlikuwepo. Mimi nimelirudia tu." Ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina langu mdomoni mwake. Kesho yake gari likasimama nje hapa. Hakuomba radhi. Aliuliza, "Chai yako bado unaweka sukari?" Nikamjibu kwamba nilibadili jina, sukari sikubadili. Tukacheka mpaka tukapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Baada ya pale, nikisema mkanda unalegea, watu walianza kugeuka. Si wote, lakini walitosha kuuzima mtambo.

Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu.

Baba yenu mdogo Kassian amepiga simu kutoka Mbeya. Anataka nizikwe kwa suti, na jina la Henry lisomwe. Msigombane naye, ni mdogo wangu na analia kwa namna yake. Mjibuni kwa adabu, kisha mfanye ninavyosema. Rhoda na Katungu wanivishe gauni la kijani. Jina litakalosomwa ni Ikupa. Térence awe mmoja wa wabeba jeneza. Na ninyi mkitaka kulia "Baba" pale kaburini, lieni. Neno hilo niliwapa mimi mlipozaliwa, sijawahi kuwanyang'anya, na kila mlipoliita niliitika kwa furaha.

Mungu awape kazi msiyoionea aibu. Awape... ngojeni. Awape marafiki wanaoweza kurudi. Mkijitazama kwenye kioo mwone mtu mnayempenda, kama mimi nilivyomwona, nikiwa nimeshazeeka, lakini nilimwona.

Nimechoka. Hapana, msiite mtu. Nimesema peke yangu tangu mchana, sasa semeni ninyi. Kama yanatoka kwa Kiingereza, yaacheni yatoke hivyo hivyo. Nitasikia.